Kabla hujasema kadi imekufa

Huku kwetu Busia, upande wa Uganda, gemu mpya ya kompyuta ikigoma kufunguka mshtakiwa wa kwanza ni kadi ya grafiksi, ile inayotengeneza picha za skrini. Kijana kaidaunlodi gemu usiku kucha kwa bando la usiku, asubuhi anabonyeza, skrini inakuwa nyeusi tii, kabla ya saa sita mchana kompyuta ishapakiwa kwenye boda inapelekwa kwa fundi, na fundi akiitazama kidogo tu anasema hii kadi imeungua, leta pesa tutafute nyingine.

Mimi hiyo hukumu ya mbio mbio naikataa kabisa. Kadi hufa, ndiyo, nimeziona zilizokufa, lakini mashine nyingi nilizofungua mwenyewe kadi ilikuwa nzima na ugonjwa ulikuwa kwenye umeme, au kwenye draiva, ile programu inayoiunganisha Windows na kadi, au vumbi, au waya uliochomekwa pasipostahili, na mara nyingine kadi haikuwa kadi ile iliyoandikwa kwenye boksi, hilo nitalifikia maana ndilo lililonifanya niandike. Pesa ya kadi kwetu ni pesa ya karo, ni pesa ya mtu aliyeuza mahindi, sasa ukimwambia anunue nyingine wakati ya kwanza ilikuwa nzima umemwibia hata kama hukukusudia.

Cha kwanza ninachouliza ni hivi: gemu imekufaje? Watu wananijibu "imekataa tu", lakini kukataa kuna namna zake na kila namna inakuelekeza mlango wake.

Kuna ile haifunguki hata kidogo, inatoa ujumbe halafu inarudi desktopu. Hapo mara nyingi hakuna kilichoharibika, gemu inadai kitu ambacho mashine haina. Gemu za siku hizi zinataka DirectX 12, lugha ya Windows ambayo gemu inaitumia kuiagiza kadi picha, na siyo DirectX 12 ya jina tu, zinataka na uwezo fulani ndani ya chipu yenyewe. Mfano Alan Wake 2 ilipotoka 2023 ilidai meshi sheda, njia mpya ya chipu kuchora maumbo, kitu ambacho kadi za NVIDIA za GTX 1000 hazina, watu wenye GTX 1080 iliyokuwa mfalme wakati wake wakaona gemu inakokota miguu. Halafu Indiana Jones and the Great Circle ikaja mwisho wa 2024, na DOOM: The Dark Ages mwaka 2025, hizo zinadai kadi yenye rei tresingi, yaani kupiga hesabu za njia za mwanga, ya kwenye chipu yenyewe, bila hiyo hupiti hata ushushe settingi zote mpaka chini. Hapo fundi hana cha kutengeneza. Soma mahitaji ya gemu kwenye ukurasa wake kabla ya kumaliza bando, kwa sababu GB 100 siyo mchezo, na tangu Julai 2021 data yetu ina kodi ya asilimia 12 juu yake.

Na wakati mwingine anayekataa ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Zile kompyuta za mtumba za ofisini tunazozipenda kwa bei, zenye Core i5 ya kizazi cha pili au cha tatu, hazina AVX2, aina ya amri za hesabu ndani ya prosesa, hiyo Intel waliianzisha na kizazi cha nne mwaka 2013, na kuna gemu mpya zinaitaka, ukibonyeza inafunguka sekunde moja inapotea bila neno. Nimeona mtu kabadilisha kadi kwa sababu hiyo, kadi mpya ikaja, gemu ikapotea vilevile, maana prosesa ni ileile.

Namna ya pili: unacheza vizuri dakika kadhaa, ghafla skrini inakuwa nyeusi au inaganda, lakini sauti inaendelea, unasikia kabisa injini ya gari inanguruma au watu wanapiga kelele uwanjani, halafu baada ya muda kidogo skrini inarudi na gemu imeanguka. Ile sauti inakwambia kompyuta iko hai, umeme upo, prosesa inafanya kazi, aliyezimia ni upande wa picha peke yake. Windows ina mlinzi wake, kadi ikikaa sekunde 2 bila kujibu basi mlinzi anaiua draiva na kuiwasha upya. Ukifungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utakuta alama yake, namba 4101, inasema draiva ya skrini iliacha kujibu na imerudi. Ukiona hiyo anza na draiva, usianze na bisibisi.

Namna ya tatu, mashine yote inazima pu, au inajirestati yenyewe kama mtu kachomoa waya. Hakuna ujumbe, hakuna skrini ya bluu, sauti nayo inakatika papo hapo. Event Viewer inaandika Kernel-Power namba 41, na watu wanaisoma hiyo kana kwamba ndiyo jibu wakati inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagana. Hapo mimi naenda kwenye umeme moja kwa moja, naufuata kuanzia ukutani mpaka kwenye kadi.

Ukutani kwanza. Umeme wetu ni wa 240V kwa hesabu, lakini mwisho wa laini, jioni, kila nyumba imewasha pasi na watu wa saluni bado wanafanya kazi, ukiweka mita kwenye soketi unaona namba nyingine kabisa na taa inapumua. Nchi ina bwawa la Karuma la MW 600 lililozinduliwa 2024, na Nalubaale pale Jinja linafanya kazi tangu 1954, lakini bwawa kubwa haliondoi waya mwembamba unaotoka kwenye nguzo kuja kwako ukiwa umebeba mtaa mzima. Pawasaplai, lile boksi ndani ya kompyuta linalogawa umeme, ikiwa nzuri inavumilia, nyingi zinakubali kuanzia 100V hadi 240V, ile rahisi haivumilii, umeme ukishtuka kidogo tu wakati kadi inavuta kwa nguvu inaachia. Na kama mashine yako ilitoka Marekani angalia nyuma ya pawasaplai, za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230, ikiwa kwenye 115 usiichomeke kwetu hata kwa kujaribu, utasikia mlipuko.

UPS nayo, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika. Ile ndogo ya 650VA watu wanadhani inabeba wati 650. VA siyo wati, geuza uangalie chini utakuta mara nyingi haifiki hata wati 400, na humo kuna monita, kompyuta na pengine redio. Ikipiga kelele gemu ikianza, hiyo imezidiwa.

Sasa pawasaplai yenyewe, na hapa naomba usiruke. Rafiki yangu mmoja alipata RTX 3060, kadi halisi, ya 12GB, kadi ambayo peke yake inakula wati 170 na NVIDIA wenyewe wanashauri pawasaplai ya wati 550. Akaiweka kwenye mashine aliyoinunua ikiwa na kava na pawasaplai pamoja. Kila akifungua gemu mpya, inafika kwenye menyu, inaingia kwenye mbio, zii. Gemu za zamani hakuna shida. Akaambiwa kadi ilichimbia kriptokarensi, imechoka. Ni kweli kwamba Ethereum ilipoacha uchimbaji wa kadi mwezi wa tisa 2022 kadi nyingi zilizofanya kazi hiyo ziliingia sokoni, kwa hiyo maneno hayo hayakuwa ya ajabu, lakini tukafungua kava tukaichomoa pawasaplai, na kitu cha kwanza nilichokiona ni wepesi wake, ilikuwa nyepesi mkononi hata kabla ya kuisoma. Ubavuni maandishi makubwa ya rangi: 500W. Chini yake jedwali la herufi ndogo, nikalimulika kwa simu, mstari wa +12V umeandikwa 16A. Chukua 12 zidisha kwa 16 unapata 192. Yaani kwenye mstari ule ambao kadi na prosesa vyote vinanywea, kuna wati 192 tu, na kadi peke yake inataka 170. Na juu ya hapo kadi ilikuwa imeunganishwa kwa adapta, zile pini 4 za kizamani zimegeuzwa kuwa pini 8, plastiki yake imeshaanza kuwa ya kahawia upande mmoja na ukiinusa inanuka.

Sloti ya mazabodi, ile bodi kuu ambamo kadi inachomekwa, inatoa hadi wati 75, plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150, hizo ndizo hesabu za kushika. Kabla hata ya kununua pawasaplai tulifanya jaribio la bure, kwa programu ya MSI Afterburner, shusha pawa limiti ya kadi hadi asilimia 70, funga fremu, yaani picha kwa sekunde, kwenye 30, cheza. Akacheza jioni nzima bila kuzima. Hapo ndipo unajua kwa hakika, kwa sababu kadi iliyochoka kwenye memori haiponi kwa kupunguziwa chakula namna hiyo, ingeendelea kutoa uchafu kwenye skrini. Alinunua pawasaplai nzito na ile adapta tukaikata katikati ili asije mtu akaiokota na kuitumia tena.

Namna ya nne ndiyo ile inayotisha: vidoti vya rangi, mistari, pembetatu ndefu zinazotoka kwenye uso wa mchezaji mpaka angani. Kama ni kwenye gemu moja tu, gemu nyingine safi, basi inawezekana kabisa ni draiva au gemu yenyewe bado ina kasoro, subiri apdeti yake. Kama uchafu unaonekana hata kwenye BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, kabla Windows haijaamka, hapo naanza kuwa na huzuni, maana BIOS haina draiva ya kusingizia. Lakini kabla ya kuzika angalia joto. Barabara yetu imejaa malori yanayosubiri kuvuka mpaka, vumbi jekundu linaingia kila mahali, linajaza zile fini za aluminiamu chini ya feni mpaka linakuwa blanketi, na chumba kina bati juu. Weka programu ya kuichunguza kadi, GPU-Z au HWiNFO, iwe wazi, cheza, soma joto. Kadi za GTX 1000 zinaanza kujipunguza zenyewe zikifika karibu nyuzi 83, fremu zinashuka taratibu na mtu anadhani gemu ndiyo nzito. Puliza kwa blowa, lakini shika panga za feni kwa kidole zisizunguke kwa kasi ya ajabu, badilisha pesti kati ya chipu na hitisinki kama imekauka kuwa unga, na usiache kompyuta sakafuni. Na tafadhali, mtu akikwambia aioke kadi kwenye oveni au aipige hoti eya ili ipone, mkatalie. Ikiamka itaamka kidogo, mara nyingi inakufa tena, na pengine fundi mwenye vifaa vya kubadilisha chipu ya memori angeiokoa kama ingekuwa haijapikwa.

Sasa nifike kwa mpwa wangu.

Yuko kidato cha tano, ana Dell ya mtumba ya ofisini, ile ya mnara, akakusanya pesa zake na nyingine akapewa na mama yake, akatuma mtu akamletea GTX 1050 Ti kutoka mjini kwa bei nzuri. Gemu za zamani zilikuwa zinacheza. Ikatoka gemu mpya ya mbio za magari, akaifungua, ikamwambia draiva imepitwa na wakati, apdeti. Akadaunlodi draiva kutoka NVIDIA, faili la mamia ya MB, akainstoli, katikati ya kuinstoli skrini ikawa nyeusi na haikurudi. Akanipigia. "Anko, nimeua kadi."

Nikamwambia hujaua kitu, kuinstoli draiva hakuui kadi, lete mashine. Alipofika nikamuuliza aliyekuuzia alikwambia nini, akanyamaza kidogo, akasema, "Alisema tu nisiapdeti draiva, nitumie ya kwenye sidii."

Hapo mwili ulinisisimka. Hakuna kadi halali duniani inayouzwa kwa sharti la kutoapdeti draiva. Nikaizungusha kompyuta nikatazama nyuma, na pale kwenye bamba la kadi kulikuwa na HDMI, DVI, na pembeni mlango wa bluu wa VGA, ule wa monita za zamani. Kizazi cha Pascal, ambacho 1050 Ti ni mtoto wake wa 2016, chipu yake haitoi VGA. Ukiona mlango wa bluu kwenye kitu kinachojiita 1050 Ti, shtuka hapo hapo.

Tukawasha kwa sefu modi, ile Windows ya vitu vya lazima tu, tukaondoa draiva yote kwa Display Driver Uninstaller, na intaneti tumeizima kwanza maana Windows ina tabia ya kukimbilia kuweka draiva yake mwenyewe ukigeuka kidogo. Ikawaka kwa picha ya kawaida. Nikaweka GPU-Z kutoka kwenye flashi, ni programu ndogo, haiinstoliwi. Juu kabisa kwenye jina ikaandika [FAKE] NVIDIA GeForce GTX 1050 Ti. Tangu 2018 GPU-Z inaweza kutambua kadi hizi. Chini, jina la chipu: GF116. Hiyo ni chipu ya GTX 550 Ti, ya 2011, kizazi cha Fermi, kadi yenye kore 192, yaani vitengo vidogo vya hesabu, imevalishwa BIOS, programu ya ndani, ya kadi yenye kore 768. Draiva mpya ikija inaamini jina, inaiambia chipu fanya hivi na vile, chipu haijui, skrini inakufa. Ndiyo maana muuzaji alikuwa na ile sidii.

Mtoto alikaa anaitazama ile skrini, haongei. Nilimwonea uchungu kwelikweli, kwa sababu alikuwa amefanya kila kitu sawa, alisoma mahitaji ya gemu, alilinganisha, akanunua inayotosha.

Tulikwenda wenyewe Kampala. Sikwenda kupigana. Nilimwomba yule muuzaji tuchomeke kadi kwenye mashine yake mwenyewe, nikafungua GPU-Z mbele yake, nikamwonyesha lile neno na ile namba ya chipu. Akaichukua nyingine kutoka kwenye rafu, boksi lilelile, akaichomeka, neno lilelile. Akavua kofia. "Mzee, mimi nimenunua katoni nzima." Nilimwamini, uso wake haukuwa wa mwizi. Tukaongea polepole, tukaongeza kidogo, akatupa GTX 1650 iliyotumika, na hiyo nayo hatukuibeba kabla ya GPU-Z kusema TU117, chipu halisi ya 1650, na kore 896, na kabla haijachezeshwa pale pale mpaka feni zikapanda.

Niliichagua hiyo kwa sababu maalum. Inakula wati 75, tuliyopewa haina plagi ya ziada, kwa hiyo pawasaplai ndogo ya ile Dell inaibeba kupitia sloti tu. Na hata kama tungepata 1050 Ti halisi nisingeishauri leo, NVIDIA wamefunga draiva za gemu kwa kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal mwezi wa kumi 2025, tawi la 580 ndilo la mwisho kwao, baada ya hapo ni viraka vya usalama tu mpaka 2028. GTX 1650 ni ya kizazi cha Turing, bado inahudumiwa. Rei tresingi haina, hilo nilimwambia wazi, zile gemu mbili nilizozitaja juu hatazicheza.

Tulipoifunga nyumbani ilikataa tena kidogo, gemu ikafunguka lakini ikawa inakwenda fremu chache kama picha za ukutani, na mpwa akanitazama kwa hofu. Waya wa monita alikuwa ameurudisha kwenye mlango wa mazabodi. Tukauhamishia kwenye kadi. Hilo ni la kuangalia kwanza kabisa kila unapofungua kompyuta, na kwenye laptopu ndugu yake ni ile settingi ya Windows upande wa grafiksi, gemu iwekwe kwenye pafomansi ya juu, la sivyo inaweza kukimbia kwenye chipu ndogo ya Intel huku kadi yako imelala.

Kilichobaki ni VRAM, memori ya kadi yenyewe. Ana 4GB, gemu mpya zinazimaliza haraka, zikiisha picha inaanza kukwama kila ukipinda kona kwa sababu vitu vinakwenda kukaa kwenye ramu ya kawaida ambayo ni ya mbali na ya polepole. Dawa yake ni tekscha, zile picha zinazofunika vitu ndani ya gemu, shusha tekscha kabla ya kushusha kitu kingine chochote, halafu vivuli, rezolusheni iwe ya mwisho. Na dakika za kwanza baada ya kuinstoli au kuapdeti draiva gemu itakwama kwama kwa sababu inajenga upya sheda zake, yaani programu ndogo za kuchorea picha, iache imalize, pita ile barabara mara ya pili ndipo uhukumu. Draiva iliyofanya kazi vizuri nimemwekea kwenye flashi pamoja na GPU-Z na Display Driver Uninstaller, ili siku apdeti ikileta matata arudi nyuma bila kununua bando lingine.

Sasa hivi anacheza kwa fremu 60 tekscha zikiwa za kati, na wenzake wawili wa darasani wameshaniletea kadi zao niziangalie. Moja ina mlango wa bluu.